Kati ya Iko na Ipo

Likasi, Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee barua hii kwa mikono miwili, maana itakufikia imechoka: lori hadi Kalemie, meli hadi Kigoma, kisha treni hadi hapo Uvinza, muda wote ikiwa ndani ya pochi ya Mama Shabani, muuza vitenge wa Ujiji, niliyemwapisha asiikunje mara ya pili. Goti linasemaje na mvua hizi? Miwani bado umeifunga kwa kamba ya kiatu, au kaka Idi ametimiza ahadi yake? Na shangazi, presha yake imetulia? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillah, ila kukaa siwezi. Tangu asubuhi nimefagia chumba mara tatu. Nimekaa kuandika, nimeinuka, nimekwenda kutazama kama maji yamechemka, kumbe sikuyabandika. Unanijua. Hukuniita Ekspresi bure, treni isiyosimama vituo vidogo.

Basi nisimame leo, niulize moja kabla kalamu haijachepuka. Jumapili ile, wiki tatu zilizopita, nilipokupigia simu nikakueleza habari ya Ramazani, wewe ulisikia nini?

Mimi nilisema mengi. Nilisema kuna mtu ananiposa, jina lake Ramazani, dereva wa lori, Mwislamu mwenzetu, baba yake alihamia huku kutoka Kasongo zamani, ana duka la vipuri karibu na soko. Nilisema ukiridhia, nikaha itafungwa hapa Likasi kabla ya mfungo wa Ramadhani. Nilisema pia kwamba nitabaki huku, Baba. Uvinza nitakuja kutembea, si kuishi. Hilo nililisema kwa sauti ndogo, na nina hofu ndilo lililoanguka njiani. Wewe ukajibu, "Nakusikia, nakusikia mwanangu. Haya, wasalimie." Simu ikakatika. Nikaruka peke yangu chumbani, nikamkanyaga paka wa mwenye nyumba, nikakimbia kumwambia Ramazani kwamba umekubali. Shangazi zake wameshanunua kitambaa.

Sasa sina uhakika tena, na kilichoniondolea uhakika ni kazi yangu. Nipe nafasi nikueleze, hata kama utasema nimezunguka.

Kampuni za simu zina ramani. Wakisimamisha mnara, wanauzungushia duara, na kila kilichomo ndani ya duara kinapakwa kijani, maana yake hapa mtandao upo. Kama katikati kuna kilima, au bonde, au nyumba za matofali mazito, duara halijui. Ofisi yetu ndogo inatutuma watu sita na simu za kupimia, twende kijiji kwa kijiji na mlango kwa mlango, tuandike ukweli: ndani ya nyumba hii intaneti inafika au haifiki? Majibu yetu yanasahihisha ile ramani, na ramani hiyo ndiyo inayowekwa mezani kwa wanaopanga minara mipya ijengwe wapi. Kijani wanakiruka. Nyekundu wanakifikiria. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye viatu vya matope, yaani mimi, akikosea alama moja, kijiji kizima kinafutwa kwenye mawazo ya wakubwa.

Na nilikosea.

Kuna kijiji kinaitwa Kansenga, unaiacha barabara ya Mulungwishi, unafuata njia ya baiskeli katikati ya mashamba ya mahindi. Nilifika huko saa tisa alasiri, wingu limefunga, kijana wa pikipiki ananipigia honi tuondoke, na simu ya kupimia imebakiwa na chaji ya kuvutia pumzi. Nikapima pale barabarani, kwenye mwinuko. Mistari miwili, safi. Nikaanza kugonga milango. Huku mtandao wanauita réseau, Kifaransa hicho, nami nikauliza kama wanavyouliza wao, "Réseau iko?" Wakajibu, "Iko, mama." Nyumba ya pili, "Iko." Ya tatu, "Iko, iko." Wengine waliinua kidevu kuelekea nyuma ya nyumba walipokuwa wakijibu, nami nikadhani wananionyesha mvua inavyokuja. Nikaweka kijani kila mahali, nikapanda pikipiki, nikawa Likasi kabla ya tone la kwanza. Nilijisifu kabisa.

Siku kumi baadaye akaja ofisini mama mmoja mrefu, koti la unesi limekunjwa kwapani, miguu ina vumbi jekundu hadi magotini. Anaitwa Maman Georgette, yeye ndiye muuguzi wa zahanati ya Kansenga, na ndiye muuguzi peke yake. Alikuja mjini kuchukua dawa, akasikia kwa chifu wake kwamba kijiji chao hakimo kwenye orodha ya minara kwa sababu kimeandikwa kina intaneti. Akasimama katikati ya ofisi akauliza, "Ule mama wa Kiswahili bora, njo nani?"

Kiswahili bora ndiyo Kiswahili chetu, Baba. Ndivyo wanavyokiita huku, na husema hivyo huku wanacheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Ni mimi," nikasema.

"Weye njo uliandika Kansenga iko na internet?"

"Niliwauliza, mama. Wakasema iko."

"Njo, iko! Hatukusema bongo. Iko kule juu ya termitière. Weye haukuuliza iko wapi."

Bongo kwao ni uongo, na njo ni ndiyo. Na termitière ni kichuguu, lakini usifikirie vichuguu vya kwetu. Vya huku ni vilima. Mti unaota juu yake, mbuzi wanalala juu yake, na kule Kansenga mtandao nao unaishi juu yake, futi chache tu za udongo, na ukishuka hatua mbili umeupoteza.

Baba, wewe ndiye uliyenichapa kwa rula juu ya hayo maneno matatu, unakumbuka? "Kalamu ipo mezani, unaiona. Kalamu iko, lakini hujui hasa ni wapi. Kalamu imo, ndani ya mkoba." Ipo, iko, imo. Mtoto wa darasa la pili anajua. Huku Katanga yote matatu yamekuwa moja, kila kitu ni iko: niko na njaa, chakula iko, baba iko, Mungu iko. Nikajifunza kusema hivyo ili nisichekwe sokoni, na nilipoizoea lugha yao nikasahau kusikiliza kwa yangu. Fomu iliuliza kama mtandao umo ndani ya nyumba. Watu walinijibu uko, mahali fulani, na kidevu wakaninyooshea. Walikuwa wakweli kuliko mimi mwenye Kiswahili bora.

Nilimvutia kiti kwa aibu. Maman Georgette akakaa, akavua kandambili, akanieleza mengine polepole kama anamfundisha mama mjamzito. Mama akikwama kuzaa, gari la kumpeleka hospitali ya Likasi linaitwa kwa simu. Simu iko kule juu. Kwa hiyo muuguzi anamwacha mgonjwa kitandani peke yake, anapanda kichuguu kumtafutia msaada, anashuka, anamkuta hali nyingine. Kwenye mvua udongo unateleza kama mlenda.

"Mara moja nilipanda," akasema, "nikamuambia ule chauffeur yote: mama, damu, kuya mbio. Namuuliza, unanisikia? Anasema, nakusikia maman, nakusikia. Nikashuka na furaha. Tukangoja, tukangoja. Gari haikuya."

"Kwa nini?"

"Hakusikiaka hata neno. Ilikuwa kelele tu mu sikio yake. Akajibu nakusikia juu ya heshima, asinikasirishe. Tukamubeba mama na kinga hadi barabara kubwa. Mungu alitusaidia, mama na mutoto beko bazima." Kinga ni baiskeli, na chauffeur ni dereva. Kisha akaniambia neno ambalo sijaacha kulisikia tangu siku hiyo. "Sasa minye siulizake tena kama ananisikia. Ninamuambia, rudisha maneno yangu. Akirudisha, njo nashuka."

Nakusikia, nakusikia. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo wiki moja tu kabla, na ilikuwa yako.

Lakini kwanza Kansenga. Orodha ya minara ilikuwa inafungwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumanne. Nikamfuata mkubwa wetu, Monsieur Placide, mtu mnene mpole anayetafuna karanga siku nzima. Nikamwambia nataka kuirudia Kansenga.

"Zuhura, ile village iko verte," akasema bila kuinua macho. "Kintu ya kijani hatuigusake. Juu ya nini unataka kuiharibu?"

"Kwa sababu niliipaka mimi, chef, na sikuingia hata nyumba moja."

Hapo akaacha kutafuna. Nikasubiri kufukuzwa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni namna ya kufunga sanduku. Akauliza vijiji vyangu vingine ni vingapi. Nikamwambia kumi na kimoja. Akauliza katika hivyo, ni vingapi niliingia ndani ya nyumba? Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha. Akasema, "Bon. Utavirudia byote. Kwa mguu, si kwa moto, juu moto njo inakuharibisha kichwa. Anza na Kansenga." Moto kwao ni pikipiki, na juu ni kwa sababu. Akanisukumia karanga. Ningependa zaidi angenipigia kelele.

Jumatano alfajiri nikaondoka na simu mbili zilizojaa chaji. Niliingia kila nyumba ya Kansenga, Baba. Nilisimama kando ya vitanda vya watu, nilisimama jikoni machoni mwangu mmejaa moshi, nilisimama katika chumba cha zahanati penye kile kitanda kimoja cha kuzalishia. Hakuna mtandao, hakuna, hakuna. Juu ya mashamba yao zinapita nyaya nene za umeme kutoka kituo cha umeme cha Koni, zinavuma, wala hazishuki. Kule machimboni Kamatanda mchimbaji aliyefunikwa vumbi anatazama mpira kwenye simu yake, na huku mwalimu anapanda kichuguu na daftari ili apate matokeo ya wanafunzi. Kichuguu chenyewe wamekichongea ngazi kwa jembe. Nilikipanda. Juu kabisa kuna kipande cha bati cha kukalia, na udongo umelainika kwa miguu ya watu. Simu yangu ikalia papo hapo, ujumbe tisa, wote wa Ramazani, wa mwisho unauliza kama nimeliwa.

Nilipomaliza niliwakusanya mbele ya zahanati nikawaambia nilivyofanya. Nilitegemea matusi. Mzee mmoja akauliza, "Sasa tutakuwa rangi gani?" Nikasema nyekundu. Wakapiga makofi! Wanawake wakapiga vigelegele! Sijawahi kuona watu wakishangilia kuandikwa kwamba hawana. Alhamisi Monsieur Placide alituma masahihisho mbele yangu, akageuza kompyuta nione Kansenga ikibadilika rangi. Kama mnara utajengwa, sijui. Wanasema mtasikia. Hilo neno nalo silipendi tena.

Tangu hapo natembea. Nimemaliza vijiji vinne, vimebaki saba, na viwili kati ya vile vinne navyo vilikuwa na uongo wangu wa kijani. Usiku nikilala miguu inaendelea kutembea yenyewe. Na kila ninapoingia nyumba ya mtu na kusimama kando ya kitanda chake, nakuona wewe umekaa pale kwenye kochi chini ya picha ya marehemu Mama, simu ndogo umeibana sikioni, unasema nakusikia.

Jana nilifanya jambo la kipumbavu. Nikafungua ramani ya huko kwetu, ile ambayo kampuni za simu zinawaonyesha watu. Nikaitafuta Uvinza, nikaitafuta stesheni, nikashuka na reli hadi kwenye nyumba yetu. Kijani, Baba. Kijani kizuri kama mpunga. Shangazi aliwahi kuniambia ukitaka kuongea na Idi unatoka hadi kwenye tangi kuu la maji la stesheni, lile la enzi za treni za moshi, unaegemea ukuta wake. Nami siku zote nakupigia baada ya swala ya alasiri, saa ambayo goti linakuuma na hutoki nje. Katika mara zote tulizoongea mwaka huu, ni mara ngapi ulikuwa kwenye kochi?

Tena nakujua. Wewe si mtu wa kumwambia mwenzako rudia. Unaona ni kumtesa, unaona anapoteza salio lake. Unamjibu nakusikia ili moyo wake utulie, kisha unamwombea dua kwa yale ambayo hukuyasikia. Mimi nimeishi miaka yote juu ya hiyo nakusikia yako nikidhani ni daraja.

Wiki hii shehe wetu wa hapa alimwita Ramazani, na mimi nikaitwa nyuma ya pazia. Akauliza kama walii wangu ameridhia. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Alisema neno gani, kwa ulimi wake?" Nikafungua mdomo. Baba, nilifungua mdomo, na lililokuwemo ni nakusikia tu. Ramazani akakohoa upande wa pili. Nikasema, "Sijui, shehe. Sijui kama alinisikia." Yule mzee hakukasirika, akasema basi hakuna siku ya kupanga hadi neno lije. Tulipotoka Ramazani alitembea nami hadi kwenye kona ya duka lao, kisha akasema, "Kama baba yako hakusikiaka, basi minye sijakuposa bado." Akaingia ndani kuuza fan belt. Nilikasirika, halafu nikampenda zaidi, na hilo nakuandikia wazi kwa sababu karatasi haioni haya.

Kwa hiyo nayarudia hapa kwa wino, mahali ambapo hayawezi kukatika. Ramazani ananiposa. Ni mtu mwenye haya, anaswali, anacheka kwa shida, na lori lake analiosha mwenyewe. Ukikubali nitaolewa hapa Likasi, na nitaishi hapa Likasi. Ukizeeka zaidi sitakuwa chumba cha pili. Ukiumwa nitafika baada ya siku nyingi, si baada ya dakika. Hilo ndilo nililolisema kwa sauti ndogo, sasa nimeliandika kwa herufi kubwa kuliko mengine ili miwani isilikose. Linaniuma hata kuliandika. Ukikataa, nitalia, nitafunga sanduku baada ya kumaliza vile vijiji saba, na nitakuja. Siwezi kuvunja neno lako, ila nalitaka liwe neno kweli.

Wasalimie shangazi yangu mlinzi wa nyumba, mwambie kitenge chake kimo ndani ya mzigo wa Mama Shabani, kimefungwa na gazeti, asikubali aambiwe kimepotea. Kaka Idi mchemsha chumvi, salamu zake nusu, nusu nyingine nitampa akinunua fremu ya miwani. Jirani yetu fundi cherehani, mwambie gauni alilonishonea limetembea vijiji kumi na viwili na mshono haujaachia. Imamu wa msikiti wa stesheni, naomba dua yake. Na kaburi la Mama, nisalimie kwa kung'oa majani.

Baba, miaka thelathini umekaa katika kile chumba cha stesheni na simu ya kuzungusha mkononi. Uliniambia hukuwahi hata mara moja kumwambia mwenzako wa stesheni ya jirani kwamba njia ni nyeupe kabla hujaiona kwa macho yako taa ya nyuma ya behewa la mwisho. Na yeye alipokupa habari ya treni, ulimrudishia maneno yake yote, moja moja, namba kwa namba, ndipo ukaning'iniza simu. Kwa treni za watu usiowajua ulifanya hivyo. Mimi ni treni yako mwenyewe, nimesimama hapa Likasi nje ya stesheni, moshi unanitoka.

Mama Shabani atakaa Ujiji siku nane ndipo arudi huku. Mfikishie karatasi kabla hajaondoka. Usiniandikie kwamba umenisikia. Rudisha maneno yangu, yote, hata lile la sauti ndogo, halafu chini yake andika ndiyo au hapana.

Mwanao aliyesimama,
Zuhura